Taa Saba za Mwajuma

Mjukuu wangu Rehema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Tabora sote wazima, na bibi yako amekuwekea karanga mpya.

Umeuliza kwa nini taa za mwisho za bustani yako huko Kawe zinafifia, ilhali zote ni mpya. Swali hilo lilinitoa jasho Temeke, miaka michache baada ya Uhuru, kwenye harusi ya dada yangu Mwajuma.

Nyumba yenye umeme ilikuwa ng'ambo ya uwanja. Nilivuta waya mwembamba, nikafunga taa ishirini, na bibi harusi akakaa mwisho kabisa. Jua lilipozama, taa za mwanzo ziliwaka vizuri. Zake zilikuwa nyekundu tu.

"Wee fundi, umetuletea taa au makaa?" shangazi akapaza sauti. "Wakwe watamwonaje?"

Nikamfungia taa kubwa zaidi. Zote zikazidi kufifia! Wanawake wakaangua kicheko. Nikagusa waya, nikakuta una joto. Hapo nikaelewa kwamba taa hazikuwa na kosa. Waya ulizidiwa, na umeme mwingi ulipotelea njiani.

Waya mnene sikuwa nao. Nikarudisha taa ndogo, kisha nikaanza kupunguza moja moja. Kila niliyoitoa, uso wa dada ulizidi kuonekana, na vigelegele vikapanda. Zilipobaki saba, Mwajuma mwenyewe akasahau kwamba bibi harusi hasemi.

"Kaka, acha hapo hapo! Nimependeza!"

Wewe nunua waya mnene, mama. Ukishawasha, niandikie kama yupo atakayekucheka kama walivyonicheka mimi.

Babu yako