Mama Yetu Anande na Jicho Lililobaki

Mwaka mmoja umetimia, Mama, tangu ulipotuacha asubuhi ya tarehe 14 Juni 1997, nyumbani Lemara. Tumechoka kulia, na bado hatujazoea.

Mitumba ilipojaa sokoni na mafundi cherehani wengi wakafunga vibanda, wewe ulihamia kushona sare za shule. Watoto wengi wa Levolosi, kilipokuwa kibanda chako, walivaa kazi ya mikono yako. Mtoto aliyekuja na kaptula iliyochanika ulimshonea papo hapo, akiwa amejifunga kanga yako.

Siku moja uliita kutoka kwenye cherehani, "Penina, nitolee hizi nyuzi nyeusi."

"Mama, hakuna nyuzi."

Uliendelea kupangusa kitambaa. Kufika jioni, jicho la kulia lilikuwa giza.

Daktari alituelewesha taratibu. Ugonjwa wako wa sukari ulikuwa umeziba mishipa midogo ya damu nyuma ya macho. Jicho likikosa damu ya kutosha huotesha mishipa mipya, lakini hiyo ni dhaifu, hupasuka na kuvujia ndani. La kushoto nalo lilikuwa limeanza kuiotesha. Matibabu ya mwanga wa leza yangeizuia, ila mpaka twende Nairobi.

Ulikataa. "Hili si linaona? Niacheni."

Anjela, mliyekuwa mkikaa naye benchi moja kliniki ya sukari, alikuwa haoni kabisa. Alikushika mkono: "Dada, na mimi nilisema hivyohivyo."

Ukaenda. Mara tatu tulipita mpakani Namanga na wewe, kichwa umekifunga kitenge, unasema mwanga ule unachoma kama sindano ndani ya kichwa. Baada ya hapo gizani ulipapasa ukuta, lakini mchana uliona. Ulishona miaka miwili zaidi. Kila mgonjwa wa sukari uliyekutana naye, hata kanisani, ulimuuliza: "Macho umepimwa? Usingoje yaume, hayaumi."

Kisha figo zikachoka. Sisi pia tulichoka kuuguza, na wewe ulijua. Tulikujibu kwa mkato siku nyingine. Utusamehe.

Asubuhi ile ya mwisho ulimtazama Baba kwa muda mrefu, ukamwambia, "Baba Penina, umekonda. Umekula kweli?"

Hukusema tena neno.

Unakumbukwa na mumeo Elihuruma, wanao Penina na Abdiel, dada yako Kaanaeli, mkweo Nice, wajukuu, rafiki yako Anjela, na mafundi wenzako wa Levolosi.

Siku zote tulizobakiwa nazo, Mama, tutakukumbuka.