Neno la Ruhusa

Dodoma, 4 Februari 1937

Mama yangu Zipora,

Shikamoo. Kifua chako kinaendeleaje? Mimi mzima, ila upweke wa mji huu unanimaliza. Jumapili nzima sikuzungumza na mtu.

Bwana mkubwa wa ofisini hajaniruhusu kuja. Nilimsomea barua yako, "hatujambo, ila kifua kidogo," akasema kidogo si ugonjwa. Kiingereza kina neno "very", maana yake sana. Barua ikisema mama ni mgonjwa "very", ruhusa inatoka. Mwambie Loisi aliandike, nami siku hiyo hiyo nitapanda treni.

Mwanao, Seth

Bahi, 19 Februari 1937

Mwanangu,

Mbukwa! Huku hatujambo, na mpunga umeshiba maji. Mimi nasema, dada yako Loisi anaandika. Hilo neno nimelikataa. Tangu lini mtu akajitangazia ugonjwa kwenye barua? Barua ni ya kusema hatujambo. Mengine mtu huambiwa akishafika, akishaketi, akishakunywa maji. Tena huyo mzungu akikuona mtu wa ruhusa ruhusa, si atakufukuza? Kula vizuri. Kifua ni kidogo tu.

Mama yako

Dodoma, 26 Februari 1937

Shikamoo Mama,

Jana nilimkuta Matonya sokoni, kaleta samaki kutoka huko. Nikamuuliza habari zako. Akatazama chini, akasema, "Hajambo, hajambo kidogo." Mama, naogopa. Ningeliandika neno lile mwenyewe, lakini bwana mkubwa anaujua mwandiko wangu. Nakuomba, neno moja tu.

Mwanao

Bahi, 18 Machi 1937

Kaka Seth,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Kabla hujaendelea kusoma, keti, unywe maji.

Mama ametutoka Jumanne, tumemzika jana. Barua yako ilimkuta hai. Kila asubuhi nilishika kalamu nikamuuliza, "Sasa niandike?" Akajibu, "Ngoja, labda kesho nitaamka." Siku tisa hivyo hivyo. Nisamehe, kaka. Niliogopa kumwandikia maneno ambayo hakuyasema.

Jumatatu akaniita mwenyewe. "Lile neno la Seth, haya, liandike. Lakini usiliweke kwenye ugonjwa. Mwambie namkumbuka very."

Karatasi hiyo nimeiweka humu ndani. Mwonyeshe bwana mkubwa, labda atakuruhusu uje uone kaburi.

Dada yako, Loisi