Mwende Hashiki Kitu Tena

Kwako mama watoto, huko nyumbani Katangi,

Mimi mume wako niko na miaka sabini na mbili. Njaa imenishindwa, nyoka amenishindwa, na daktari aliyesema sitamaliza mwaka nilimzika mimi. Wewe je, goti linauma bado? Mbuzi mweusi amezaa? Hapa Machakos mwili uko sawa, roho ndiyo haitulii.

Ni mjukuu wetu Mwende. Binti yetu huenda kiwandani alfajiri, kwa hivyo mimi ndiye nampeleka nasari. Hiyo nasari haina ubao wala kuimba a-e-i-o-u. Kila mtoto anatandika kimkeka, anaenda kwa rafu, anachagua kazi mwenyewe. Kona moja ya kumimina na kuosha, nyingine ya shanga za kuhesabu, nyingine herufi za msasa za kupapasa kwa kidole. Mwalimu Syombua anapita tu, kimya kama paka.

Mwende kila siku maharagwe. Anamimina jagi hili, anarudisha lile. Nikasema, huyu atafika darasa la kwanza hajui jina lake, na watu wanajua ni wangu! Ijumaa nikaingia, nikamshika kidole, nikakipitisha juu ya herufi kwa nguvu. Si ndivyo nilivyofundisha vijana kuchonga? Unashika mkono wa mtu juu ya tezo mpaka ujue njia. Na huko kwetu Yatta nzima nani ananishinda kuchonga?

Mtoto alilia, akaficha mikono kwapani. Mwalimu akasema, "Mzee, maharagwe ndiyo yalikuwa yanaandaa huo mkono."

"Mimi nimelea saba. Wewe umelea wangapi?"

Akacheka, akaniita babu kwa Kikamba. "Hapa ishirini, umau. Njoo ukae uone, lakini usiguse."

Tangu hapo Mwende hachagui kitu. Mama yake ameapa, wiki ikiisha hivi atamrudisha kwako na nasari basi. Ananitazama kama mwizi.

Leo nilikaa kwa kistuli, magoti karibu na masikio. Mwende akatandika mkeka, akakaa hapo bure, macho kwa mikono yangu. Nikaikalia. Baadaye mkono wake mmoja ukatoka, ukakwaruza ukingo wa mkeka, kisha kengele ikalia. Sijui kesho mkono huo utashika kitu au utarudi kwapani. Sijalala vizuri. Muombee.

Salamu kwa dada yangu mjane, na kwa shemeji anayetuchungia ng'ombe.

Mumeo, mzee Mutiso. Ukiambiwa nilifanya fujo tena, muulize Halima wa duka la nguo hapa Machakos, mtoto wake yuko nasari hiyo. Alikuja kumchukua, akaona nilivyokalia mikono mpaka ikafa ganzi.