Chupa ya Achari na Kisima cha Mama

Baba Zuhura,

Salamu nakupa kwa kuwa ni sunna, usijidanganye kwamba nina hamu nawe. Nimesikia kwa watu waliopita mpakani Horohoro kwamba huko Mombasa umechoka, unataka kurudi kwangu Chumbageni. Loo! Una uso gani wewe?

Hebu nikukumbushe. Ulikuwa mpima maji wa Bwana Afya, kaptula ya kaki imepigwa pasi, soksi mpaka magotini, na dawa yako ya kupimia, ya madini ya fedha, kwenye kichupa cheusi. Wallahi, dawa ile niliipenda kuliko wewe. Tone moja tu, na chumvi isiyoonekana majini inakamatwa, inageuka wingu jeupe. Ulinionyesha barazani, ukajigamba, "Hii haikosei." Kweli, dawa haikukosea.

Siku ya kupima kisima cha mama yangu ulisahau chupa za ofisini. Ukaingia jikoni kwangu, ukachukua chupa ya achari, ukazila ndimu zilizobaki, ukaisuuza mara moja mbiombio, ukateka maji. Dawa ilipoingia, maji yakawa meupe kama tui. Ukatangaza mbele ya majirani kwamba chumvi yote ile ni ya choo kilichovuja kisimani. Choo! Kisima ambacho mtaa mzima walichota maji ya kutawadha!

Nilikwambia palepale, "Baba Zuhura, chupa hiyo ilikuwa ya achari, ina chumvi yake. Pima tena."

"Wewe na ndimu zako rudini jikoni," ukanijibu, na watu wakacheka.

Kesho yake nilikuomba tena. Ukasema umeshampa habari Bwana Afya, utamwendeaje kumwambia umekosea? Mwanamume mzima, unaogopa kusema "nimekosea"! Kisima kikafunikwa kwa zege.

Mama hakugombana nawe. Majirani waliacha kuja, hata chakula chake wakakiona kinyaa. Mwanamke aliyefagia ukingo wa kisima kila alfajiri! Alipofariki, wewe ulikuwa umeshanipa talaka na kuvuka mpaka. Maji ya kumwoshea tuliomba kwa watu, Baba Zuhura. Mama yangu, maji ya kuomba. Tangu siku hiyo nakudharau, na dharau yenyewe haijapungua hata chembe.

Niliisumbua ofisi ya Bwana Afya mpaka mwaka huu zege likavunjwa. Akaja mpima mwingine, Mshambaa, Mlutheri wa milimani, hana makeke. Alisuuza chupa yake kwa maji ya kisima chenyewe, akamwaga, akasuuza tena, ndipo akaijaza. Tone likaingia: weupe kidogo tu, kama maji ya mwisho ya kuoshea mchele.

"Nani alisema maji haya mabaya?" akauliza.

Mimi nikakutaja kwa jina lako kamili, na la baba yako.

Sasa Zuhura anateka maji kwenye kisima cha bibi yake, na wale wale waliokiona kinyaa wanapanga foleni na ndoo zao. Basi njoo, kama miguu inakuwasha. Utapewa kata ya maji baridi, maana kwa mama yangu hakuna aliyewahi kunyimwa maji. Mkeka sikutandikii. Unywe, urudishe kata, ushike njia ya Horohoro.

Ni mimi,
Mama Zuhura, binti wa mwenye kisima