Bakuli la Shemeji Yako

Daegu, Jumapili

Dada Myeong-ok,

Kabichi yako ya kimchi imefika, ila mtungi umevuja kidogo.

Unauliza hali ya shemeji yako. Wamemdunga chembe za chuma, ndogo kuliko vumbi, zikaingia kwenye uvimbe wa ini. Mashine ya sumaku inazipasha moto, uvimbe unaungua, kwingine kunabaki salama. Anayemtibu ni Daktari Seol, msichana mrembo, hajaolewa.

"Seol analijua joto langu kuliko wewe," Gi-tae wangu ananitania kila akitoka hospitali.

"Basi akupikie na supu."

Unajua siku zote akiwa nje namwekea bakuli la wali chini ya blanketi, pale sakafu inapopashwa moto kutoka chini, kama mama alivyomwekea baba alipokuwa vitani, kuonyesha bado anamngoja. Alhamisi wivu ulinikaba. Sikuweka kitu. Akapashwe moto na Seol wake.

Aliingia anatetemeka kwa baridi, akapiga magoti, akapeleka mkono chini ya blanketi. Akapapasa, akapapasa tena. Kisha akaniuliza taratibu:

"Mama Dong-hyeok, hospitali wamekupigia? Wamekwambia siponi?"

Mdogo wako,
Pil-sun