Sindano ya Ini na Nguo Nyeusi

Uvira, tarehe 3 Novemba 2025

Mpendwa Mama Anne-Marie wa redio,

Naomba msaada wako, mimi Libérat wa mtaa wa Songo, bibi yangu wa ndoa Kaneza alifariki mwezi wa kwanza, ni yule aliyekuwa ananitolea ndagala, wale samaki wadogo, vichwa kwa sababu sivipendi, sasa navila hivyo hivyo, na juzi daktari wa Bujumbura akaniambia ile kansa ya utumbo niliyopasuliwa zamani imehamia kwenye ini, alama mbili, ndogo kama maharage, ila kuna hospitali Nairobi wanapitisha sindano ndefu kwenye ngozi, wanaiongoza kwa mashine, wanazichoma kwa joto bila kupasua tumbo, na kesho yake unatembea. Nilifurahi mpaka nikaaga majirani, lakini kaka yangu mkubwa Sylvestre akasema, "Weye! Utalala Nairobi na kilio ya bibi yako? Atakufuata kule kule!" Kwetu mfiwa halali nje ya nyumba ya marehemu mpaka mwaka uishe na familia imvue nguo nyeusi, basi nikampigia daktari anisubiri mpaka mwezi wa pili, akasema, "Papa, mimi nitakusubiri. Ini haitakusubiri." Sitaki kumkosea Kaneza, na Sylvestre ndiye aliyenilea. Nifanye nini?

*

Ndugu Libérat,

Pole sana. Mwanamke aliyekutolea ndagala vichwa kimoja kimoja hakutaka ufe umevaa vizuri.

Sasa nikugombeze. Mwezi wa pili mwaka huu risasi zilipolia, nusu ya Songo ililala Gatumba, ng'ambo ya mpaka, chini ya shitingi za wakimbizi. Sylvestre naye alikuwepo, au nilimfananisha? Kaneza alimfuata nani?

Sindano hiyo inafaa alama zikiwa chache na ndogo. Zikiongezeka, itakuwa imechelewa, utabaki na dawa za mshipani. Wala si muujiza: muulize daktari kama ni ya kuponya au ya kupunguza, na nani atalipima ini ukisharudi.

Leo nenda kwa Sylvestre, si kuomba ruhusa, kuaga. Mwambie nguo zivuliwe Jumamosi hii, kwa sala fupi na chai. Familia iliyoweka mwaka inaweza kuupunguza. Akikataa, mwachie hizo nguo azitunze. Jumatatu asubuhi uwe mpakani Kavimvira na picha zako za skana. Leo mpaka uko wazi. Wiki ijayo sijui.

Ukifika salama, utukumbuke sisi tuliobaki.