Warumi Hawana Jamaa Pemba

Masoud, ndugu yangu,

Umekufa wakati mbaya. Najua hukuulizwa, lakini ungengoja japo mambo ya Seif na Hamadi yaishe. Tangu tukuzike, baraza letu la huku ugenini, Edgware Road, limekaa upogo. Kahawa ile ile, kelele zile zile, ila hakuna wa kutuamua.

Zamani watu wakigombana ulikuwa unakohoa kidogo, unaweka sawa kofia, unasema, "Warumi wa kale walikuwa na neno juu ya hili." Basi. Sisi tuliokimbia kwetu kwa siasa, tusiokubaliana hata mwezi umeandama au la, tunamsikiliza Mrumi. Siku moja nilikuuliza, kwa nini Warumi, wazee wetu wana nini? Ukanambia, "Wazee wetu kila mmoja ana ukoo wake. Mrumi hana jamaa Pemba wala Unguja, atampendelea nani?" Nikakucheka, nikakuuliza kama Mrumi wako alivaa kikoi. Ukaninunia mpaka alasiri.

Sasa sikiliza. Mtoto wa Hamadi kamposa binti wa Seif. Vijana wanapendana, hilo halina ubishi. Seif akakawia kujibu, ndiyo desturi, binti wa watu haitikiwi siku ile ile. Hamadi akaona kadharauliwa. Akasema barazani, mbele ya watu, kwamba Seif anajiona sultani. Seif naye akasema posa irudi ilikotoka. Binti kajifungia chumbani, hali chakula, hasemi.

Wazee hawa wamekubaliana jambo moja tu: waamuliwe na Mrumi. Na wa kumtoa huyo Mrumi ni mimi, eti kwa kuwa nilikaa ubavuni kwako. Mimi, niliyefukuzwa skuli darasa la tano kwa kumfungia mwalimu mbuzi darasani.

Nikaenda Kingsbury kwa binti yako Rukia. Mjukuu wako Salma anasoma Kilatini, lugha ya hao Warumi, skuli, basi nikamtajia Warumi wako wote ninaowakumbuka. Kanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida ya watoto wa huku. Kasema wengine ni wa kweli, wamo vitabuni. Lakini hao wa kweli nao ni balaa: mmoja anahimiza haraka, mwenziwe anaikataza, mmoja anasema msamehe adui, mwengine anasema mchunge. Kumbe Warumi wenyewe walikuwa baraza kama letu. Na wengine kawatafuta, hakuwaona popote. Akacheka, kicheko chako kabisa, akasema, "Hawa nafikiri kawatunga babu."

Nikamuuliza juu ya mmoja. Yule uliyenipa wakati sisemi na mwanangu Nassor. Nilitoka barazani na maneno yake mdomoni, nikampigia simu mtoto, na leo wajukuu wananivuta ndevu kila Jumapili. Salma kamtafuta sana huyo. Hayupo.

Sasa mimi nifanye nini, Masoud? Nikasirike? Mzee mzima nimedanganywa miaka yote na karani mstaafu. Au nikushukuru? Na nikushukuru wapi, umeshaondoka. Kwenye basi nilianza kucheka, kisha sijui nini kilinitokea, mama mmoja wa Kigujarati akanipa tishu na peremende. Sikujua hata ninalia kwa lipi. Mpaka sasa sijui. Wewe ndiye ungenambia, halafu ningekuuliza kama hilo nalo umelitunga.

Kesho baada ya sala ya Ijumaa wananingoja. Nimewapekua Warumi wa kweli, hakuna anayefaa. Kwa hiyo nimetunga wangu. Atawaambia kwamba aliyekawia na aliyekasirika wote walikuwa wanamtafutia mtoto wao heshima, na sasa wapeane mikono, maana mtoto mwenyewe hali chakula. Si mzuri kama wako. Wako walikuwa na sauti. Huyu wangu ana harufu ya kitunguu, kama mtu wa Chake Chake, Pemba. Naogopa wataijua lafudhi. Nikikosea, harusi imekufa, na huyo binti nilimbeba mwenyewe akiwa mchanga, siku ya akika yake.

Nitakohoa kwanza, kama wewe.

Wakipatana, nakuahidi sitamwambia mtu Mrumi yule katoka wapi. Wasipopatana, nitasema nilimsikia kwako.

Kwaheri, mwongo wangu. Mungu akulaze pema.

Khamis